Nusu ya Pili ya Boflo

Nyuma ya gereji ya Fundi, chini ya mndimu, pana mahali hapakanyagwi. Mgeni akielekea huko kutafuta kivuli, Fundi humwita kutoka chini ya gari: "Usipite hapo, bwana, hapo pana mkate." Mgeni hucheka, akidhani ni mzaha. Si mzaha. Hapo ndipo Fundi anapozika boflo, mkate wetu wa dukani.

Tumejuana zaidi ya miaka ishirini na tano, mimi dereva wa teksi mjini, yeye fundi wa magari Mwanakwerekwe. Kwao hasa sikujui. Akikasirika husikika Kitumbatu kidogo, hasira ikishuka hurudi Kiunguja cha mjini, na hayo yamenitosha. Watu wengi, vijana hasa, wanamwita Fundi Boflo. Wanadhani ni jina la utani tu, kama yule anayeitwa Kachori na yule anayeitwa Mandazi. Jina hilo nimelitunga mimi. Sikulitunga kwa wema, na lilimpotezea kitu alichokuwa akikipenda. Kwa hivyo siwezi kumweleza yeye nikajiacha mimi.

Kwanza nieleze mkate unaingiaje katika gari.

Gari lenye gia za mkono lina klachi, na klachi hukaa juu ya gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, flaiwili. Katikati ya flaiwili pana tundu, na ndani ya tundu mna beringi ndogo isiyozidi mdomo wa kikombe cha kahawa. Ncha ya shafti ya giaboksi huingia humo na kuzunguka. Mafundi wengi huiita pailoti. Fundi huiita beringi ya kitovuni. Ikichakaa, ukikanyaga klachi gari hulia kama paka aliyebanwa mkia mlangoni, na mtu mwenye akili akibadilisha klachi huibadilisha na hiyo.

Tabu ni kuitoa. Imebana, na tundu halikutokeza upande wa pili, basi huwezi kuigonga kwa nyuma. Kwa mbele hakuna pa kushika. Nimeona mafundi wakiipiga tindo mpaka ikapasuka vipande na ukingo wa tundu ukachubuka, injini nzima ikashushwa kwa ajili ya kijidude hicho.

Fundi huilisha mkate. Humega boflo, akalishindilia kwa kidole gumba ndani ya tundu la beringi mpaka likajaa. Kisha hutia chuma cha mviringo kinachoenea sawasawa katika tundu hilo, akakipiga nyundo. Mkate hauna pa kwenda, unajisukuma nyuma ya beringi. Anaongeza mkate, anapiga. Anaongeza, anapiga. Na ile beringi iliyoshinda tindo inaanza kutoka kidogo kidogo, kama mtu anayeamshwa naye hataki kuamka.

Wako wanaotumia grisi. Yeye haitaki, kwa kuwa ukipiga nyundo hukurukia machoni. "Grisi haina subira," husema. "Mkate unajua kukaa."

Lakini mkate ni neema, na kwetu kipande kikianguka njiani mtu hukiokota akakiweka juu ya ukuta kisikanyagwe. Fundi alijua anaingia katika jambo zito, akajiwekea masharti. Boflo liwe la jana. La leo ni la watu, na tena ni laini mno, halisukumi. Kabla ya kuanza hulikata katikati. Nusu moja huenda kwenye tundu, na nusu ya pili lazima iliwe na waliopo, kwa chai ya rangi. "Hatuwezi kuupiga mkate nyundo halafu tusiule," alinambia. "Utatushitaki." Chembe safi iliyodondoka huiokota, huipuliza na kuila. Ile iliyobaki ndani ya tundu, nyeusi kwa uchafu wa injini, huichokonoa yote kwa waya aliokunja ncha, akaifunga katika gazeti, akaenda kuizika chini ya mndimu.

Jirani yake Fundi Tairi, ambaye kazi yake ni kuziba pancha na kusema maneno, hakuwahi kukosa maziko hata moja. Husimama kafunga mikono kifuani.

"Marehemu alikuwa laini," husema.

"Ondoka hapa, weye."

"Nnauliza tu. Matanga siku ngapi? Maana miye nlikuwa sijafua."

Fundi hufukia bila ya kumtazama, kisha humtupia ndimu. Ndimu za mti ule zilikuwa na maji mengi kupita ndimu zote za Mwanakwerekwe, na kila mteja aliyeondoka na gari lake aliondoka na ndimu tatu. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniuliza: "Gari haliharibiki tena? Ndimu zishakwisha."

Ukitaka kumuudhi Fundi, mwambie gari lako lina nini. Nilimwona siku moja akimsikiliza bwana mmoja wa Mbweni, mtu mwenye nguo zilizopigwa pasi, akieleza kwa kirefu kwamba tatizo ni hiki na hiki na kwamba shemeji yake naye amesema hivyo hivyo. Fundi alimwacha mpaka akamaliza.

"Umekuja kunambia au kunionesha?"

"Nakueleza tu, Fundi, upate kujua."

"Basi nshajua. Mpe shemeji yako spana."

Lakini kwa chuma alikuwa na upole ambao sijauona kwa mtu. Alikuwa na msemo: "Gari likilia usilijibu. Lifungue." Na alipokuwa akifungua, midomo yake haikutulia. Kwa muda mrefu nilidhani anasoma uradi. Nilipomkaribia siku moja nikasikia: "Huyu kaka mkubwa. Huyu mdogo wake. Huyu shangazi, mnene. Huyu wa kufikia." Alikuwa akizipa bolti ujamaa, ili wakati wa kurudisha kila moja irudi katika tundu lake. "Kila bolti ina kwao," alisema. "Ukiipeleka kwa watu itakaa, lakini haitastarehe." Kwa hivyo mdomo wake ulikwenda mchana kutwa, kama mtu anayetafuna. Nakuombeni mlikumbuke hilo, kwa sababu mimi nililiona na sikulikumbuka siku lilipohitajika.

Alikuwa mkweli mpaka akachosha. Alimrudia mteja mara mbili kumwambia kwamba skrubu moja aliyoweka si ya asili ya gari lile. Lakini katika habari ya siku alikuwa mwongo wa kupigiwa mfano. "Kesho inshallah" yake ilikuwa siku tatu. "Kesho asubuhi" ilikuwa nne. Ukimkumbusha, hushangaa kweli, kana kwamba kesho ndiyo iliyomdanganya yeye.

Na alikuwa na sauti. Hili ndilo watu wa siku hizi hawalijui. Nyuma ya gereji, uchochoroni, upo msikiti mdogo, na muadhini wake wakati ule alikuwa mzee mgonjwa wa kifua. Fundi ndiye aliyekuwa akiadhini adhuhuri na alasiri. Robo saa kabla, huacha nyundo na kuanza kusugua mikono kwa jivu na maganda ya ndimu. Kanzu yake ilitundikwa msumarini, ndani ya mfuko, pembeni kabisa mwa banda pasipofika mafuta. Akishaivaa huondoka bila ya kusema na mtu, na mara utaisikia sauti ile, nzito, isiyo na haraka, ikipanda juu ya mabati na kelele za soko. Watu waliokuwa wakipatana bei walinyamaza katikati ya neno. Fundi Tairi alisema, na hili hakulisema kwa mzaha: "Kucha zake haziishi weusi. Lakini sauti haina grisi."

Sasa niseme nilichokifanya.

Ilikuwa Ramadhani, miaka ishirini na kitu nyuma, mchana baada ya sala ya adhuhuri, na habari ya mkate na beringi nilikuwa bado siijui. Nilikwenda kwa Fundi kumuuliza habari ya breki. Nikatokea upande wa nyuma, kwenye mndimu. Gari la mtu lilikuwa limenyanyuliwa, na Fundi kachutama pembeni yake, kanipa ubavu. Mkononi ana nusu boflo. Ovaroli yake ina chembe za mkate kifuani. Na mdomo wake unakwenda.

Nilisimama muda wa kuvuta pumzi mbili. Kisha nikarudi kinyumenyume, sikutoa hata salamu. Nikajiambia kwamba nimemsitiri. Lau ningekwenda nyumbani nikalala, pengine ningekuwa nimemsitiri kweli.

Alasiri nilikuwa barazani kwetu, Mkunazini. Tulikuwa wengi, madereva na wenye maduka, tunaingoja magharibi kwa maneno kama kawaida, maana njaa hupungua mtu akicheka. Mmoja akamsifu Fundi, kwamba katika mafundi wote yule ana dini. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, na pale barazani nilikuwa nikihesabiwa mjuzi wa maneno. Neno likanijia limeshapangika lenyewe.

"Fundi?" nikasema. "Bolti anafunga. Saumu anafungua."

Wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu.

"Wallahi?"

"Kafungua kwa kitu gani?"

"Kwa boflo," nikasema. "Boflo kavu, hata chai hana. Nimemwona kwa macho yangu."

"Lo! Fundi Boflo!"

Jina likapata watu wake hapo hapo. Naweza kusema kwamba si mimi niliyelitamka, nilitoa unga tu wakapika wengine, lakini huo ungekuwa ujanja. Nilifurahi. Nilikwenda nyumbani kufuturu nikiwa na furaha ya mtu aliyesema neno likapokelewa.

Neno la Mkunazini halikawii kufika Mwanakwerekwe. Baada ya siku nne au tano, mtu mmoja wa makamo katika wasimamizi wa ule msikiti alimwendea Fundi akamwambia kwa adabu kwamba pengine apumzike kuadhini, kazi zake ni nyingi. Haya nilisimuliwa na Fundi Tairi, aliyekuwepo. Fundi alimtazama yule bwana kama anavyotazama injini iliyozima.

"Nimekosea maneno ya adhana?"

"La, hasha."

"Basi si neno," Fundi akasema. "Nyundo nayo ina kelele za kutosha."

Jioni ile akaichukua kanzu msumarini na kwenda nayo nyumbani. Tangu siku hiyo akisali safu ya nyuma na kuondoka wa mwanzo. Wateja walipungua kidogo, wakarudi, kwa sababu gari bovu haliulizi dini ya fundi. Lakini ile sauti haikupanda tena juu ya mabati.

Fundi Tairi alijitahidi kumtetea. Aliwaambia watu kwamba mkate ule ulikuwa wa gari. Wakamcheka. Mtu aliyekwisha kuuliza siku za matanga ya boflo, nani atamwamini akisema boflo linatoa beringi?

Miezi mitatu baadaye klachi ya gari langu ilikwisha. Nilimpelekea Fundi, na kwa kuwa nilikuwa mtu wa kujua, nilikuja na pula niliyoazima mjini, chombo cha miguu miwili cha kuvutia beringi. Fundi aliitazama.

"Nzuri," akasema. "Tumia."

"Mimi?"

"Si yako?"

Nikalala chini ya gari langu mwenyewe na kuhangaika asubuhi nzima, yeye kakaa juu ya debe anakunywa chai. Pula ikavunjika mguu mmoja. Hakucheka. Alinyanyuka, akatoa boflo la jana katika kopo, akalikata katikati, nusu akanipa mimi. Nikabaki nimeishika, sijui ya nini. Kisha nikamwona anamega ile nusu nyengine, anashindilia, anapiga. Midomo yake inakwenda: kaka mkubwa, mdogo wake. Chembe za mkate zinamwagika juu ya ovaroli. Mapigo kumi na kitu, na beringi ikadondoka mkononi mwake.

Nilitazama nusu boflo niliyoshika. Ilikuwa ni nusu kama ile niliyoiona Ramadhani. Alikuwa ameishika kwa kuwa nusu ya kwanza imeshaingia kwenye beringi, na magharibi ya kuila hii ilikuwa bado.

"Kula," akaniambia. "Mbona umeganda?"

Nikala. Na sikusema kitu.

Baraza ilikuwa pale pale Mkunazini, jioni ile ile ningeweza kwenda nikasema: nilikosea, mkate ulikuwa wa beringi. Nilikwenda, nikakaa, nikanywa kahawa. Mtu akasema "Fundi Boflo hajambo?" na nikasema hajambo. Sikusema siku ya pili wala ya tatu, na kila siku iliyopita ilifanya ya mbele yake iwe nzito zaidi. Niliogopa kwamba kile kichekesho, kilichokuwa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusema, kitageuka kuwa juu yangu. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimetafuta nyengine miaka mingi, sikuipata.

Nikaendelea kumpelekea gari, yeye akaendelea kunipa ndimu.

Ramadhani hii iliyopita nilikuwa narudi kutoka Chwaka, ambako binti yangu ameolewa. Teksi nimeshaiacha, lakini gari langu ninalo bado, nimezeeka nalo. Kufika Mwanakwerekwe likaanza kulia kila nikikanyaga klachi, kisha klachi ikakataa kabisa. Watu wakanisukuma mpaka kwa Fundi.

Nilimkuta kakonda. Bega la kushoto limeshuka, na ndevu zote nyeupe. Lakini hakukubali kukaa pembeni. Yeye na Fundi Tairi, ambaye naye sasa ana mvi na tumbo, waliishusha giaboksi taratibu, wakiambiana "pole pole" kama watu wanaoteremsha mgonjwa. Kisha Fundi akajilaza juu ya boksi lililokunjuliwa, akaingia chini ya gari, miguu tu ikabaki nje.

Nikamsikia anapiga. Kisha kimya. Kisha anapiga tena.

"Unapiga kwa kitu gani?" nikamuuliza. "Mbona sauti yake nyengine?"

"Karatasi. Nimeilowesha maji."

"Inafaa?"

"Leo haifai. Kitovu hiki kimeota kutu, na karatasi inavuja." Akaitupa nje ile karatasi. "Niachie. Baada ya futari ntaitoa kwa mkate."

"Kwa nini si sasa hivi?"

Fundi Tairi aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta spana. Kutoka chini ya gari, Fundi alijibu bila ya uchungu wowote, kama anavyotaja ukubwa wa bolti.

"Mchana wa Ramadhani sishiki boflo."

Miaka ishirini na zaidi. Kila Ramadhani, mtu mkweli yule alikuwa akilowesha karatasi na kuukwepa mkate kama mwizi, kwa sababu yangu. Nilikuwa nikifikiri lile jambo limekwisha zamani, kwamba limebaki kwangu tu. Nikanyanyuka.

"Unakwenda wapi, mzee?" akauliza Fundi Tairi.

"Dukani."

Mwenye duka alikuwa na maboflo mawili yaliyobaki ya jana. Nikanunua moja. Alitaka kunitilia katika mfuko. Nikamwambia aliache wazi. Akanitazama usoni, akalitazama boflo, akaniachia. Nikalishika kwa mkono wa kulia, mbele yangu, juu kidogo, nikapita nalo katikati ya soko la Mwanakwerekwe, saa saba mchana, mwezi wa Ramadhani, mtu wa umri wangu na kofia yangu kichwani.

Sikujua kwamba soko linaweza kukaa kimya namna ile. Mtu mmoja alisema "Astaghfirullah." Mwengine akasema "Mwacheni, pengine ana sukari." Nilifika kwa Bi mmoja anayeuza muhogo na ndizi za futari, ambaye amekuwa pale tangu enzi za adhana ya Fundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee wangu, kama unaumwa si ulifiche? Hata kwa kofia?"

"Siumwi, Bi. Nimefunga. Hili boflo la gari."

"La nini?"

"La gari. Linakwenda kutoa beringi."

Akatupa kisu juu ya muhogo. "Leo tumesikia! Kwa hivyo gari halifungi?"

Watu wakacheka. "Gari lina udhuru," akasema mwengine. "Liko safarini!" Wakacheka zaidi, na mimi nikacheka nao, kwa mara ya kwanza juu yangu mwenyewe.

"Twende ukaone," nikamwambia. "Twendeni nyote."

Alikuja yeye, wakaja wengine sita au saba, mmoja wao ni muadhini wa sasa wa ule msikiti, kijana mwenye sauti nzuri aliyekuwa ananunua tende. Tukafika kwa Fundi. Miguu yake ilikuwa bado nje ya gari. Basi nikaisemesha miguu.

"Fundi. Nimekuja na boflo."

Miguu haikusogea.

"Na nimekuja na watu. Waliotunga lile neno, bolti anafunga saumu anafungua, si watu. Ni mimi. Nilikuona na nusu boflo mkononi, nikasema unakula. Baada ya miezi mitatu nikajua mkate ulikuwa wa kazi, na nikanyamaza mpaka leo. Hukuwahi kula. Nataka hawa wasikie, na alasiri nitayasema haya msikitini."

Bi wa muhogo alitia kidole mdomoni. Fundi Tairi akawa anautazama mndimu.

Kisha kutoka chini: "Boflo la lini?"

"La jana."

"Likate katikati. Nusu nipe, nusu kaa nayo weye."

Nikafanya hivyo. Mkono mweusi ukatoka, ukapokea. Tukasikia anashindilia. Tukasikia nyundo, na sasa sauti ilikuwa ndiyo yenyewe, nzito, isiyovuja. Bi wa muhogo alipiga magoti kwa kanga yake nzuri akachungulia.

"Inatoka!" akasema. "Jamani, inatoka! Mkate huu huu wa chai?"

"Nilikwambieni!" Fundi Tairi akapiga kelele. "Miaka yote nilikwambieni! Lakini miye nikisema mnacheka!"

"Si wewe uliyeuliza matanga?" akajibu mtu, na hapo beringi ikadondoka kwa mlio mdogo ndani ya kopo.

Alasiri nilisimama msikitini baada ya sala nikasema kama nilivyoahidi. Yule kijana muadhini akatoka na mimi mpaka gereji, akamwambia Fundi kwa heshima: "Babu, leo magharibi adhini wewe."

Fundi alikuwa anafunga giaboksi. "Sauti yangu imeshalegea, mwanangu. Inacheza kama bushi mbovu." Akafuta jasho. "Adhini weye. Miye nna njaa."

Kijana akacheka akaondoka. Mimi sikucheka. Pale nilijua kwamba nilichokitoa kwa neno moja sikuweza kukirudisha chote, na kwamba sehemu ile itabaki kwangu.

Tukabaki wawili. Alimaliza bolti zake kwa zamu, kaka mkubwa, mdogo wake, shangazi. Kisha akasema, bila ya kuacha kazi:

"Nilijua ni weye."

"Ulijuaje?"

"Maneno yale yalikuwa yamepangwa. Wale wenzako hawajui kupanga maneno." Akakaza kidogo. "Kitu kimoja tu sikukielewa. Uliniona na nusu boflo. Mbona hukuuliza nusu ya pili iko wapi?"

Nilifikiri sana. Nilitaka kumpa jibu ambalo halikupangwa.

"Ningeuliza," nikasema, "jibu lako lingeniharibia kichekesho."

Alinitazama, mara ya kwanza siku ile. "Haya," akasema. "Hilo nalielewa. Miye nilingoja mtu aulize. Hakuuliza hata mmoja."

Akaenda kuzika mkate wake chini ya mndimu. Fundi Tairi alikuwa ameshakwenda kwake kufuturu, kwa hivyo safari hii nilisimama mimi, mikono kifuani. Kisha akasugua mikono kwa jivu na maganda ya ndimu. Alipomaliza, akashika ncha moja ya benchi lililo ndani ya banda, akaniashiria nishike ya pili. Tukalitoa nje kabisa, ukingoni mwa njia, watu wanapopita. Akaweka tende mbili na maji. Nusu yangu ya boflo nilikuwa nayo bado, nimeitunza tangu adhuhuri; sasa nikailaza magotini.

Wapitao walikuwa na haraka ya kufika majumbani. Mmoja akapunga mkono: "Futari njema, Fundi Boflo!" Fundi akaitika. Sikushtuka kama nilivyokuwa nikishtuka.

Sauti ya yule kijana ikapanda juu ya mabati. Midomo ya Fundi ikaifuata neno kwa neno, kimya. Ilipokwisha, akala tende, akanywa maji, akaichukua ile nusu ya boflo magotini mwangu na kuivunja mara mbili.

"Bolti zote nimefunga," akasema, akanipa kipande changu. "Haya. Tufungue."

Nilicheka, chembe ikanidondoka juu ya benchi. Kabla sijaiokota yeye aliiokota, akaipuliza, akaila.